Zamu Bila Mwalimu wa Zamu

(Hotuba iliyotolewa Bugwema mbele ya wahitimu na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka wa wahitimu)



Niliombwa nieleze kazi ninayoifanya, nami nimechagua jambo moja tu: jinsi kompyuta ndogo sana inavyoweza kuzungumza kwa redio bila kuwa na mfumo wa uendeshaji ndani yake. Naomba msiogope jina hilo. Wengi wenu jambo lenyewe mlijifunza hapa hapa, kwenye foleni ya bomba la maji.

Simu zilizomo mifukoni mwenu zina programu kubwa inayosimamia nyingine zote. Ndiyo inayoamua ipi ifanye kazi na kwa muda gani, na ikizidisha, husimamishwa kwa nguvu ili mwenzake apite. Hiyo ndiyo huitwa mfumo wa uendeshaji, nasi leo tuiite mwalimu wa zamu. Vyombo ninavyotengeneza mimi havina nafasi ya kumweka mwalimu huyo. Chipu ninayoitumia mara nyingi, iitwayo ATmega328P, ina baiti 2,048 tu za kumbukumbu ya kazi. Hotuba hii ninayoisoma isingeenea humo hata nusu yake. Programu nzima nayo haina budi kukaa ndani ya kilobaiti 32.

Hata hivyo chombo hicho lazima kifuate taratibu za mawasiliano, tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini huendesha redio. La kati huhesabu muda na kuufunga ujumbe kwa siri. La juu ni kazi yetu wenyewe, kama vile kupima kina cha maji. Jambo hili si geni duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Adam Dunkels wa Sweden aliandika lwIP na uIP, programu zilizoziwezesha chipu ndogo kuzungumza lugha ya intaneti hata pasipo mfumo wa uendeshaji. Katikati ya miaka ya 2010, watafiti wa IBM huko Zurich wakatoa LMIC, ambayo huendesha mawasiliano ya LoRaWAN. Hayo ni mawasiliano ya ujumbe mfupi unaokwenda kilomita kadhaa kwa nguvu kidogo ya betri. Hiyo ndiyo niliyoitumia.

Sasa, zamu inakwendaje pasipo mwalimu? LMIC huweka orodha ya miadi: kazi hii sasa, ile baada ya sekunde 1, nyingine baada ya saa 1. Mzunguko mmoja usiokoma huisoma orodha, huiita kazi ambayo wakati wake umefika, huingoja imalize, kisha huita nyingine. Hakuna wa kuinyang'anya kazi zamu yake. Kila kazi haina budi kufanya haraka na kuondoka yenyewe.

Wahitimu wa wakati wangu mtakumbuka. Mwalimu wa zamu asipokuwepo, foleni yetu ilikwenda vizuri kabisa, mradi kila mtu ajaze ndoo yake na kuondoka. Siku alipokuja mmoja na ndoo tatu, kisha akaanza kufua shati pale pale bombani, nusu yetu tulichelewa darasani. Sikujua kwamba siku moja mimi mwenyewe ndiye nitakayefua shati bombani.

Miaka michache iliyopita nilitengeneza kisanduku cha kupima kina cha maji katika mfereji mkuu wa skimu moja ya mpunga, mbali na hapa. Wakulima wa majaruba ya chini walikuwa wakitembea zaidi ya saa nzima kwenda kuangalia kama zamu yao ya maji imefika. Kisanduku kilipaswa kupima kila saa na kupeleka habari hadi kwenye simu ya katibu wao. Nilikadiria kwamba betri zingedumu msimu mzima. Zilikwisha kwa majuma matatu. Maji yalifunguliwa usiku, wale wa chini wasipate habari, zamu ikawapita wakati mpunga unachanua. Mzee mmoja aliniambia bila hasira: "Mwanangu, zamani tulitembea, tukajua. Safari hii tulikaa tukikungoja wewe."

Kosa lilikuwa langu. Katika LoRaWAN, kisanduku cha aina ile kikishatuma ujumbe hutega sikio mara mbili tu: sekunde 1 baada ya kumaliza kutuma, na sekunde 2 baada ya kumaliza. Kila mara ni kwa kitambo kifupi mno. Mimi nilitaka kuutumia vizuri muda wa kungoja. Niliandika kwamba wakati redio inashughulika, chombo kiwe kinarudia kipimo ili kukihakiki: kiwashe kihisi, kisimame sekunde 3 mpaka kihisi kitulie, kisome, ndipo kirudi kuitazama orodha ya miadi. Sekunde 3 nzima kazi moja ilikuwa imelishika bomba.

Kituo cha kupokea kilikuwa kikijibu kwamba ujumbe umefika, lakini hapakuwa na wa kusikia. Kisanduku kikadhani ujumbe umepotea, kikarudia, hadi mara 8, kwa mwendo wa polepole zaidi na zaidi. Ujumbe uliotumia chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde ukafikia kutumia zaidi ya sekunde nzima hewani. Redio ndiyo mla betri mkubwa. Mezani kwangu sikuliona kosa hilo, kwa sababu nilikijaribu bila kukifunga kihisi.

Dawa yake ilikuwa kuikata kazi ile vipande viwili. Cha kwanza: washa kihisi, andika miadi ya sekunde 3, ondoka. Cha pili: soma kipimo, zima kihisi, ondoka. Sekunde zile 3 zikabaki kuwa za wote.

Tulipoweka betri mpya, kituo kikaukataa kila ujumbe. Kila ujumbe hubeba namba inayopanda, na kisanduku kilipokosa umeme kilisahau namba yake, kikaanza tena sifuri. Kituo kikadhani ni mdanganyifu anayerudia ujumbe wa zamani. Pasipo mwalimu wa zamu, hata daftari la mahudhurio unalitunza mwenyewe. Nikaandika namba hiyo katika kumbukumbu ya kudumu kila mara kabla ya kutuma. Mtengenezaji wa chipu anaahidi kuandika mara 100,000 mahali pamoja. Kwa ujumbe mmoja kila saa, hiyo ni zaidi ya miaka 11.

Msinielewe vibaya kwamba nampiga vita mwalimu wa zamu. Ikiwa kazi ni nyingi, na mojawapo ni ndefu isiyokatika, mwekeni. Ipo mifumo midogo kama FreeRTOS, iliyoanzishwa na Richard Barry mwaka 2003. Wala msidhani kwamba yeye ataziondoa tabia mbaya, atazisimamia tu.

Msimu uliofuata kisanduku kilifika mavuno kwa betri zile zile. Lakini wakulima waliendelea kumtuma kijana mmoja mferejini kila jioni, nami sikuwalaumu. Betri niliweza kuzibadilisha kwa siku moja. Imani yao haikurudi kwa siku moja.

Wadogo zangu, habari za kulimwagilia bonde hili la Bugwema tumezisikia tangu utotoni. Siku maji yatakapopita hapa, watahitajika watu wa kuyapima, na ningependa wawe ninyi. Nimeleta chipu tatu na kihisi kimoja kwa ajili ya maabara ya fizikia. Sharti langu ni moja: msikipeleke chombo shambani kabla hamjakijaribu kikiwa kamili, usiku na mchana, pamoja na kihisi chake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.