Malipo ya Mtunzi wa Nota
(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Kamati ya Sherehe mbele ya Mkutano wa Miaka Kumi)



Wapo watakaostaajabu kwamba katika sherehe ya wakulima twataka kusema habari za nota za muziki. Sababu ni wimbo mliousikia asubuhi hii. Mtunzi wake ni kijana wa mwanachama mmoja wa Chama hiki. Sisi wa kamati tulizipokea karatasi zake, tukatoa nakala 60 kwa mashine ya ofisi, tukazigawa kwa kwaya za vyama vya msingi. Mwenye duka la karatasi tulimlipa. Dereva aliyezipeleka alipata posho yake. Mtunzi tulimpa mkono wa shukrani. Ndipo mmoja wa wahasibu wetu alipotuuliza, "Je, kahawa ya huyu tumeipima?"

Swali lile lilitutia haya, tukaanza kutafuta habari za waliotangulia katika njia hii.

Huko Marekani alikuwako mtunzi aitwaye Stephen Foster, aliyezaliwa mwaka 1826. Siku zile hapakuwa na redio wala santuri. Wimbo uliuzwa kwa karatasi, na mwenye piano nyumbani alinunua nota. "Oh! Susanna" ulipotoka mwaka 1848, wapiga chapa wengi waliutoa kila mmoja kivyake, naye Foster hakuambulia ila kiasi kidogo. Mwaka uliofuata alipata mkataba mwema wa senti 2 kwa kila nakala itakayouzwa. Malipo ya namna hiyo twayajua sisi: ndiyo yale malipo ya pili, yafuatayo mzigo hata baada ya kutoka ghalani. Lakini madeni yalimbana. Mwaka 1857 aliuza haki ya malipo yote yajayo ya nyimbo alizokwisha kuzitunga, kwa fedha pungufu ya dola 1,900. Ndugu zetu wa Bukoba wana neno la biashara kama hiyo: butura, yaani kuuza kahawa ingali maua mtini. Nyimbo zikaendelea kuimbwa. Foster alifariki New York mwaka 1864, umri wake miaka 37, na mkobani mwake zilikutwa senti 38.

Scott Joplin, ambaye baba yake alikuwa amezaliwa utumwani, alishika njia nyingine. Mwaka 1899, mjini Sedalia, alitia sahihi mkataba na mchapishaji John Stark juu ya "Maple Leaf Rag", apate senti 1 kwa kila nakala. Hatusemi kwamba senti ile ilimtajirisha, haikumtajirisha. Bali muziki ule uliuzwa miaka mingi, na mwenye shamba hakusahauliwa.

Hata hivyo mkataba wa mtu mmoja haufiki kila mahali. Mwaka 1847, mjini Paris, Ernest Bourget na wenziwe waliketi katika mkahawa wa Ambassadeurs, wakausikia muziki wao ukipigwa ili kuvutia wateja. Walipodaiwa bei ya vinywaji wakakataa kulipa, maana mkahawa nao haukuwalipa wao. Shauri likaenda mahakamani, wakashinda. Mwaka 1851 watunzi na wachapishaji waliunda chama cha kukusanya malipo na kuyagawa, kiitwacho SACEM, nacho kipo hata leo, mali ya wanachama wake. Mkulima haoni ajabu hapo. Hawezi kusimama peke yake penye kila mzani, lakini chama chake chaweza kuweka karani.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Lakini nota za kwaya hunakiliwa kutoka mkono hadi mkono, na mara nyingi ifikapo nakala ya tatu mashine imekwisha kukata ukingo wa juu wa karatasi, pale lilipoandikwa jina la mtunzi. Nakala zetu 60 nazo hazikuwa na jina.

Basi kamati imekubaliana hivi. Nakala zile zihesabiwe na kulipiwa moja moja kutoka fungu la sherehe. Nakala zitakazouzwa mezani pa Chama zipigwe chapa upya, zenye jina lake, naye apate sehemu yake kwa kila moja, leo na miaka ijayo. Haki ya wimbo ibaki kwake. Mkataba umeandikwa kwa Kiswahili, kurasa mbili, naye ameupeleka nyumbani ausome na baba yake kabla ya kutia sahihi. Yupo pale nyuma pamoja na kwaya. Karani anamngoja na stakabadhi baada ya chakula.