Nyumba kwanza, vyombo baadaye
Maneno ya komite ya restora mbele ya mkutano mkubwa wa wanachama, hapa Baraka



Swali linalozunguka sokoni na mu vikundi vyetu ni moja: "Vyombo vimekwisha kulipwa kule Kigoma, sasa vinangojea nini?" Vinangojea nyumba. Leo tunaeleza kazi iliyobaki, na tunaomba mikono yenu.

Tukumbuke tulikotoka. Tangu mwaka 2005, meli zilipoanza kuturudisha kutoka Tanzania, wengi tulishuka hapa na masufuria mawili matatu na mbabula. Wamama wetu wamepika bugali, sombe na ndagala kando ya barabara, vumbi jua likiwaka, matope mvua ikinyesha. Restora hii ni ya kuwatoa pale. Tuko na jiko kubwa la kuni lenye bomba la moshi, jiko la gazi, kongelateri moja, sinki mbili na meza ya chuma. Kitu kimoja kikiharibika, hatuna pesa ya kukinunua mara ya pili. Ndiyo sababu tunaenda pole.

La kwanza ni njia. Tulipima kongelateri ndani ya kisanduku chake: sentimeta 75. Mlango wa nyuma uko na 70. Fundi atatoa fremu na kuupanua mpaka mita moja. Tulipima pia kona ya korido, juu chombo kinaweza kupita mlangoni na kukwama pale kwenye kona.

La pili ni sakafu. Ile ya udongo haiwezi kubeba jiko la chuma. Tunamwaga beto, ikiinama kidogo kuelekea tundu la maji, sentimeta moja au mbili kwa kila mita. Halafu inamwagiwa maji kila siku, siku saba kwa uchache, bila kuwekewa uzito. Hapana kuharakisha hapo. Beto ikipasuka chini ya jiko, mutu hawezi kuitengeneza tena bila kutoa kila kitu.

La tatu ni maji machafu. Maji ya sinki yatapita kwanza mu kisima kidogo cha simenti. Mafuta yanaelea juu, maji yanatoka kwa chini. Pasipo kisima hicho, mafuta yataganda ndani ya bomba, na jirani ndiye atapata harufu. Kila juma mutu mmoja atachota mafuta. Jina lake litabandikwa ukutani.

La ine ni moto. Bomba la moshi linapita mu manjanja: miti ya paa itakatwa iwe mbali nalo, na bomba litatokea juu kupita paa ili moshi usirudi kwa wapishi. Chupa ya gazi itakaa nje, wima, chini ya kibanda chenye hewa. Gazi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kujaa mu mashimo. Kwa hiyo kibanda kitakuwa mbali na kile kisima cha maji.

La tano ni umeme. Kongelateri inapoanza kuzunguka inavuta nguvu mara nyingi kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Jenereta ndogo inazimika, ao umeme unapanda na kushuka mpaka mota inaungua. Tunatia waya yake peke yake, waya ya kwenda udongoni, na chombo cha kutuliza umeme.

Siku mtumbwi utakapofika, watu wawili watasimama pwani na orodha, kila kisanduku kikaguliwe mbele ya mwenye mtumbwi kabla ya kutia sahihi. Kongelateri ibebwe wima. Hata hivyo tutaiacha isimame mpaka kesho yake kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya mota yashuke mahali pake.

Sasa tunakuja kwenu. Mwuzaji amekubali kututunzia vyombo bila malipo mpaka mwisho wa mwezi. Kisha atahesabu kila siku. Tukiviita leo, vitalala nje. Tukichelewa, tutalipa bure. Katikati kuko posho tatu tu.

Wanachama, tunaomba salongo hizo posho tatu. Ya kwanza ni mchanga, mawe na beto. Ya pili, wakati sakafu inakauka, ni kisima, mlango na kibanda cha gazi. Ya tatu ni paa na umeme. Asiyeweza kubeba jiwe alete maji ao chakula cha mafundi.

Wafadhili wetu, tunaomba ruhusa ya kuhamisha dola 380 kutoka mustari wa "vyombo" kwenda mustari wa "nyumba". Pesa hiyo ni ya meza ya pili ya chuma. Fundi wetu wa mbao ataitengeneza nyingine ya mbao ngumu. Karatasi za hesabu ziko hapa mezani, kila mutu asome. Mukikataa, salongo itaendelea, lakini umeme utangoja, na kongelateri itabaki Kigoma.

Wamama kumi na wawili wamekwisha kuandikwa kufanya kazi mu jiko hilo. Tunataka wapikie mahali palipo tayari.

Tuonane posho, saa moja ya asubuhi, na majembe.