Tufungapo Mizigo ya Likizo

(Mazungumzo yaliyotolewa msikitini baada ya sala ya Magharibi kwa jamaa wanaojiandaa na safari za likizo ya Desemba)



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, aliyeifanya ardhi ipitike kwa waja Wake, na sala na salamu zimfikie Mtume Wake Muhammad (s.a.w.), ambaye alisafiri akiwa mfanyabiashara, akasafiri akiwa muhajiri, na akasafiri akiwa haji.

Wazee wa jamaa wametuomba tuseme machache juu ya safari, maana shule zinakaribia kufungwa na wengi wenu mtakwenda makwenu. Wapo wa Tanga na Lushoto, wapo wa Kondoa, wapo wa Lindi, na tupo sisi wa Ujiji ambao njia yetu ni ndefu kweli kweli, kwani kwa reli tu ni zaidi ya kilometa 1,200 kutoka hapa Dar es Salaam. Na jambo tulilolichagua laweza kuonekana dogo mno kuzungumzwa mahali hapa, nalo ni mzigo. Huenda mtu akauliza: begi nalo lina mawaidha yake? Tunaomba subira yenu.

Kila mwaka ifikapo Novemba huulizana: “Je, safari hii mnakwenda?” Na jibu tunalolisikia, na tulilolitoa sisi wenyewe mara nyingi, ni hili: “Mwakani inshallah, mwaka huu hatujajiandaa.” Tukalichunguza neno hilo la kujiandaa, lina maana gani? Aghalabu si nauli, maana nauli ipo au yapatikana. Wala si ruhusa ya kazini. Kinachokosekana ni shehena: gunia la mchele, kilo za sukari, doti za khanga za mashangazi, kanzu ya ami, viatu vya watoto wa ndugu, na nguo zetu wenyewe zilizo mpya, ili watu wa nyumbani wasije wakadhani kuwa mji umetushinda.

Kwa sababu hiyo tuliiahirisha safari ya Ujiji miaka mitatu mfululizo. Tulikuwa na shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliyetulea tangu tulipokuwa watoto wa chuoni tukihifadhi Juzuu Amma. Kila Desemba alituletea salamu kwa simu ya jirani, na kila Desemba tulimjibu kwa fedha kidogo na ahadi. Mwaka wa nne simu ililia saa nne ya usiku: shangazi amefariki. Alfajiri tulikuwa stendi, na mgongoni tulikuwa na begi moja lenye kanzu mbili, shati, suruali, kikoi na mswaki. Tulilifunga kwa muda usiozidi robo saa. Tulipofika alikwisha zikwa. Tulikaa siku kumi na mbili wala hatukupungukiwa na kitu, na katika wote waliotupokea hakuwapo hata mmoja aliyeitazama mikono yetu aone tumebeba nini.

Ndipo tulipotambua kwamba kusafiri na mzigo mwepesi tunakujua sana, ila ujuzi huo tumeuweka kwa ajili ya misiba. Aliye hai tunamngojesha hadi gunia lipatikane, na aliyekufa tunamwendea na begi moja.

Enyi ndugu, hebu tuitazame sheria ya dini yetu inavyomtendea msafiri. Yote aliyoandikiwa ni kupunguziwa. Sala za rakaa nne, yaani Adhuhuri, Alasiri na Isha, zinakuwa rakaa mbili. Saumu ya Ramadhani yaweza kuahirishwa na kulipwa siku nyingine. Akikosa maji anatayamamu. Aliyevaa khufu, yaani soksi za ngozi, mkaazi hupaka maji juu yake kwa mchana mmoja na usiku wake, lakini msafiri amepewa michana mitatu na usiku wake. Hata ibada, ambayo ndiyo tuliyoumbiwa, imepunguzwa uzito njiani. Nasi tunaongeza masufuria! (Kwa kuwa likizo ni ndefu, tukumbushane hapa: kwa madhehebu ya Shafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, husali sala kamili tangu anapofika. Tusije tukakaa mwezi mzima kwa mama tukisali rakaa mbili mbili kwa kisingizio cha safari.)

Yupo msafiri mmoja Mwislamu ambaye hata pwani yetu inamkumbuka, Ibn Battuta. Aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, na mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa. Baadaye, huko India, alikusanya mali nyingi, na katika pwani ya magharibi ya nchi hiyo maharamia wakamnyang’anya yote baharini, wasimwachie ila suruali. Pamoja na mali zilikwenda hata karatasi alizokuwa amenakili. Hata hivyo, aliporudi kwao aliweza kusimulia safari yake ikaandikwa kitabu kizima, kwa sababu alichokibeba kichwani hakikuporwa. Lakini kisa chake kina upande mwingine ambao husimuliwa kwa nadra. Akiwa Damascus mwaka 1348, njiani kurejea, aliambiwa kuwa baba yake alifariki miaka kumi na mitano iliyopita. Na alipokaribia kwao mwaka 1349 akapata habari kwamba mama yake naye amechukuliwa na tauni, hata mwaka ulikuwa haujapita mbali. Huyu alizuiwa na ukubwa wa dunia. Sisi tunazuiwa na gunia.

Sasa tuje kwenye begi lenyewe, maana maneno peke yake hayafungi mzigo.

Tofauti ya likizo fupi na likizo ndefu si wingi wa nguo, bali ni wingi wa kufua. Mtu akifunga nguo za juma moja, anaweza kukaa nazo miezi miwili. Kwa mwanamume kanzu mbili, suruali mbili na mashati matatu yatosha. Kwa mwanamke magauni matatu, doti mbili za khanga na baibui aliyoivaa. Desemba ni mwezi wa mvua kwetu Kigoma, kwa hiyo kinachotazamwa ni kukauka. Suruali ya jinzi ikifuliwa leo huweza kulala na unyevu hadi kesho kutwa, na uzito wake ni sawa na suruali mbili za kitambaa chepesi. Viatu vizito vivaliwe miguuni, na kandambili ndizo ziingie begini. Wanaokwenda Lushoto wavae sweta zao safarini, wasizifunge. Na kikoi, ndugu zetu, ni kitu ambacho babu zetu walikijua thamani yake: ni taulo, ni shuka, ni nguo ya kulalia, ni mswala, na basi likiharibika njiani usiku ni blanketi la mtoto.

Tulipolifungua begi letu la zamani, lile la miaka tuliyokuwa tukisafiri kwa fahari, tuliona kuwa nusu yake ilikuwa imejaa “labda”. Labda hakutakuwa na pasi, tukabeba pasi. Labda kutakuwa na harusi, tukabeba koti la harusi, na harusi yenyewe hatukualikwa! Labda mashuka ya wenyeji hayatoshi. Kila kimoja kati ya vitu hivyo tulikibeba kwa hofu wala si kwa haja, na kila kimoja kilikuwapo huko tulikokwenda, kwani tulikuwa tunakwenda nyumbani kwa watu, hatukuwa tunakwenda jangwani.

Mzigo ufungwe siku tatu kabla ya safari, kisha mwenyewe alibebe begi lake kutoka nyumbani hadi msikitini na kurudi. Atakapofika atajua la kupunguza bila ya kuambiwa na mtu. Tunasema mwenyewe alibebe, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi mama ndiye anayefunga mizigo ya watu sita, kisha baba akifika stendi analalamika kuwa mizigo ni mingi, naye hakukunja hata soksi. Kila mtu afunge chake. Hata mtoto wa miaka minane anaweza kubeba kibegi chake, na akikibeba mwenyewe hatatia ndani mawe aliyoyaokota uwanjani.

Mahali pamoja tu tusipunguze, napo ni dawa. Wenye shinikizo la damu na wenye kisukari wachukue dawa za siku zote za likizo, na za siku kadhaa zaidi, maana njia huweza kufungwa na mvua. Zikae katika pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, na zikae katika mfuko wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye buti la basi. Vivyo hivyo miwani, vitambulisho na kadi za bima.

Kwa wanaosafiri kwa ndege, na wale wenye jamaa watakaokuja kutoka Muscat na kwingineko, tunaongeza machache. Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa begi kubwa na kilo 7 mkononi, lakini yanatofautiana, kwa hiyo tiketi isomwe. Katika safari za kimataifa vimiminika vya mkononi visizidi mililita 100 kwa chupa. Betri ya akiba ya kuchajia simu hukaa mkononi, si katika begi linalopelekwa chini. Na ile mifuko ya plastiki ya madukani, tuliyoizoea kwa jina la rambo, imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, hata kwa anayeshuka uwanjani akitoka nje. Kikapu cha ukindu kimerudi kwenye heshima yake.

Limebaki suala la zawadi, nalo ndilo gumu, maana hapa hatusemi na begi, tunasema na nafsi. Kupeana zawadi ni sunna, na Mtume (s.a.w.) alihimiza jambo hilo kwa kuwa huleta mapenzi. Hatumzuii mtu. Lakini mchele tunaoubana kwenye buti la basi siku nzima na usiku, sokoni Kigoma unauzwa. Sukari inauzwa. Mafuta yanauzwa. Anayetaka kumpa mama yake mchele na anunue huko huko, kwa duka la jirani wa mama yake, na mgongo wake upumzike. Na kama nyumbani pana njaa ya kweli, basi chakula hicho kisitungoje sisi. Tangu mwaka 2008 tunaweza kutuma fedha kwa simu ya mkononi. Na zitumwe leo, nasi tufuate.

Tusijidanganye kwamba hakuna atakayesema. Watakuwapo. Yupo binamu atakayetuuliza mbele za watu kama huko Dar es Salaam maduka yamefungwa. Lakini tumewaona ndugu zetu waliokopa kwa riba ili washuke stendi na mabegi manne, wakarudi mjini Januari wakakutana na deni, na ada za shule, na kodi ya nyumba kwa pamoja. Kisha wakakaa miaka mitano bila ya kwenda tena. Kati ya maneno ya binamu na miaka mitano hiyo, tunaona maneno ya binamu ni mepesi zaidi kuyabeba. Mwenye kutaka kuchukua zawadi kutoka mjini achague kisicho na uzito: kofia, tasbihi, doti moja ya khanga kwa yule aliye mkubwa wa ukoo, na zile picha za wajukuu zilizochapishwa, ambazo bibi asiye na simu kubwa hawezi kuziona kwa njia nyingine.

Tena tukumbuke kuwa begi lililojaa wakati wa kwenda halina nafasi wakati wa kurudi, na hakuna mtu anayetoka Kigoma mikono mitupu. Dagaa watafungwa, atake asitake. Mawese nayo yatamiminwa kwenye dumu, na hapo tunatoa nasaha kwa uzoefu: kizibo kikazwe, dumu litiwe ndani ya ndoo, wala lisikaribiane na nguo kabisa. Tuna kanzu moja nyeupe nyumbani ambayo doa lake halijatoka hadi leo.

Sisi mwaka huu tunaondoka Alhamisi baada ya Alfajiri, na begi letu ni lile lile la msiba wa shangazi. Kati ya wazee wetu wa Ujiji amebaki mama mdogo, ambaye amevuka miaka themanini. Juma lililopita tulizungumza naye kwa simu, tukamwambia kwa haya kidogo kwamba safari hii tunakuja hivi hivi, hatuna mzigo. Akanyamaza, tukadhani amekasirika. Kisha akauliza, “Mtakaa siku ngapi?” Tukamjibu kuwa ni siku ishirini na sita. Akatuambia turudie, kwa kuwa hakusikia vizuri. Tukarudia. Basi akaanza kumwita mjukuu wake aliyekuwa uani, akimwambia atoe magunia ya mahindi katika kile chumba cha mbele, na simu akaisahau mkononi bila ya kuikata.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.