Habari za Padre Wenu Mnazijua?

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za parokia na sharika, Arusha)

 

Ndugu wajumbe na wafadhili wetu, mmezoea kunisikia nikieleza habari za visima na miche ya miti. Leo naomba niseme juu ya matumbo ya mapadre. Msicheke.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda pamoja na mumewe. Alitembelea familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala, akiwaangalia watoto wachanga 28 na mama zao. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967. Aliona kuwa mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa mbali, hucheza, kisha hurudi. Asiye na uhakika hulia hata akiwa amebebwa. Lililonigusa ni hili: watoto wenye uhakika walikuwa hasa wa wale mama walioweza kumweleza mgeni habari za mtoto kwa undani.

Mafundisho haya, aliyoyaanza Dakta John Bowlby wa London, baadaye yalifuatiliwa hadi kwa watu wazima. Wapo wanaowaegemea wenzao bila hofu. Wapo wanaoogopa kuachwa, hawawezi kumkatalia mtu. Na wapo waliojifunza kutomhitaji yeyote. Ukiwajulia hali watasema "namshukuru Mungu" na kufunga mlango. Hawa wa mwisho ndio tunaowasifu: padre mvumilivu! Kumbe mzigo haujaondoka. Mfadhaiko wa muda mrefu hukaza misuli, huvuruga usingizi na tumbo, huongeza mapigo ya moyo. Anakwenda hospitali, vipimo havionyeshi kitu, anaambiwa ni mawazo tu. Lakini maumivu yale ni ya kweli. (Wala tusiruke vipimo: vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria, na dawa ipo.) Mimi mwenyewe niliumwa kichwa cha namna hiyo kila ripoti ya robo mwaka ilipokaribia, nikameza panadol mwaka mzima bila kumwambia mtu.

Mchungaji wa Kilutheri walau ana mke wa kumwona amenuna. Padre anakula peke yake, na akishazoeana na watu anahamishwa. Katekista wa kigango cha mbali kule nyuma ya Mlima Meru ana mke, ila posho yake huja ikipatikana.

Sasa nawauliza kama yule mama angeulizwa: padre wenu analala saa ngapi? Anakula na nani Jumapili jioni? Lini alipumzika siku nzima? Sadaka ya Jumapili iliyopita mnaijua hadi shilingi ya mwisho. Gari la parokia mnajua lilibadilishwa oili lini. Nanyi wafadhili, fomu zenu zinauliza idadi ya walionufaika, aliyewahudumia haulizwi.

Fomu za bajeti ya mwaka ujao ziko meza ya nyuma. Nimeongeza mistari miwili: uchunguzi wa afya wa mtumishi, na nauli ya kwenda kuwaona wenzake mara moja kwa mwezi. Makatekista na wainjilisti wamo. Kiasi nimeacha wazi, mkajaze wenyewe.