BEI YA SHAMBA IHESABIWE KWA MISIMU

(Maneno ya Katibu wa Chama katika mkutano wa wanaushirika. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wasomaji wa darasa la jioni.)



Tumeombwa tuseme juu ya bei ya mashamba. Kila mtu anajua sababu. Kuna maombi ya mtu wa mjini anayetaka ekari 60 za bondeni, zile za kando ya barabara. Wengine miongoni mwetu wamekwisha sema wako tayari kuuza. Wengine, tunasikia, wamekwisha pokea advansi. Jambo hili litafika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kabla halijafika huko, afadhali tulipige hesabu hapa, sisi kwa sisi, bila kugombana. Shamba halina kadi ya chama, kwa hiyo maneno haya ni ya wote.

Kwanza, kwa nini bei imepanda? Wazee wanakumbuka kwamba zamani ardhi tupu haikuwa na bei. Mtu akihama alilipwa miembe yake, migomba yake na nyumba yake, siyo udongo. Ndiyo ilivyokuwa hata katika sheria. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ndizo zilizotamka wazi kwamba ardhi yenyewe ina thamani.

Tena watu wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania karibu milioni 45. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu milioni 62. Katika miaka hiyo 10 ardhi ya Tanzania haikuongezeka hata hatua moja. Na sisi huku ng'ambo, upande wa Ulanga, tuliongezewa jambo jingine: daraja la Mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018. Zamani lori la mpunga lilingoja kivuko. Sasa linavuka tu. Mwenye fedha mjini analijua hilo, naye hanunui shamba la leo, ananunua la miaka 20 ijayo. Sisi je, tunauza la lini?

Hebu sasa tuchukue chaki. Tarakimu hizi siyo bei za soko, ni za ubaoni tu. Kila mtu atabadili aweke zake.

Tuseme ekari moja inakodishwa shilingi 100,000 kwa msimu. Akaja mtu anataka kuinunua kwa shilingi 700,000. Mkono unatetemeka, fedha nyingi! Ngoja kwanza. Gawanya 700,000 kwa 100,000. Jibu ni 7. Maana yake umeuza misimu 7 ya kukodisha. Msimu wa 8 ungekuta fedha umekwisha kula zote, lakini shamba bado ni lako. Sasa shamba hulioni, na fedha huioni.

Tuseme tena unalima mwenyewe. Ekari ikatoa gunia 12, ukauza kila gunia shilingi 80,000. Jumla 960,000. Toa trekta, mbegu, palizi, vibarua na kuvuna, tuseme 600,000. Imebaki 360,000. Misimu miwili ni 720,000. Yaani yule mnunuzi hakukupa hata misimu miwili kamili ya jasho lako! Ndiyo, kuna mwaka wa mafuriko na mwaka wa ukame. Weka hata miaka mitatu mibaya, bado hesabu inamwelemea muuzaji.

Kwa hiyo tunasema: bei ya shamba isihesabiwe kwa ukubwa wa bunda la noti. Ihesabiwe kwa misimu. Anayetaka kuuza ajiulize: nimepewa misimu mingapi, na hiki ninachokwenda kununua kitadumu misimu mingapi? Kama ni pikipiki, waulizeni vijana wa bodaboda wenyewe. Watawaambia kweli.

Na angalieni ni lini tunauza. Tunauza Januari na Februari, ghala tupu, mtoto mgonjwa, palizi inadai. Hakuna anayeuza Julai mpunga ukiwa ndani. Mnunuzi naye ana kalenda, anakuja na njaa yetu.

Jambo la pili ni kipimo. Tumezoea kusema ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Ekari ya haki ni mita za mraba 4,047. Mnunuzi akija na kijana wake wa miguu mirefu, hatua yake ikiwa mita moja kamili, 70 kwa 70 ni mita 4,900. Amechukua mita 853 za bure, zaidi ya sehemu moja katika tano! Na mwenye shamba anayekodisha naye asicheke. Akipima kwa hatua fupi za sentimita 80, ekari yake ni mita 3,136 tu, na maskini aliyekodi amelipia ardhi ambayo haipo. Dawa ni kamba. Kamba ya mita 64 kila upande inatosha kabisa kwa ekari. Ushirika uwe na kamba moja, ipimwe kwa tepu ya fundi, itunzwe ofisini, na kila mtu aitumie bure.

Jambo la tatu ni sheria. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais ameishika kwa niaba ya wananchi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, nayo hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu. Mgeni asiye mkazi hawezi kumaliza mambo na mwenye shamba gizani, akapata sahihi ya balozi mmoja, akasema nimenunua. Asiye raia ndiyo kabisa, hawezi kupewa ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Kwa hiyo waliopokea advansi wafike ofisini wakaseme mapema, mambo yawekwe sawa kabla hayajawa kesi.

Tena mume asiuze peke yake. Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Akina mama ndio wapo majini na jembe. Hawawezi kuambiwa habari ya shamba baada ya fedha kuliwa.

Tusije tukasema hakuna aliyetuonya. Kule Kisarawe, mwaka 2009, kampuni ya kigeni ilipata hekta zaidi ya 8,000 kutoka vijiji 11, ilime mbono wa kutengenezea mafuta. Watu waliahidiwa kazi na maendeleo. Mwaka 2011 kazi zilisimama, vibarua wakarudi nyumbani. Lakini ardhi ya kijiji ikishageuzwa kuwa ardhi ya jumla, hairudi kijijini yenyewe kama ng'ombe jioni. Na kule Kagera kulikuwa na nyarubanja, mtu analima na kumlipa bwana, baba mpaka mjukuu. Serikali ilitunga sheria mwaka 1965 ya kuwakomboa wapangaji wale. Sisi tusijitengenezee nyarubanja yetu kwa mikono yetu.

Sasa, vijana watauliza: ninyi mnasema watu wasiuze, na sisi tusio na shamba tutakula nini? Swali ni la haki. Kununua kwa kijana anayeanza ni kugumu, na kutazidi kuwa kugumu. Njia iliyo wazi ni kukodi, na zile ekari 60 ndizo vijana wetu wengi wanazokodi. Zikienda, wanaopoteza siyo wauzaji peke yao.

Lakini kukodi nako kuwe kwa haki. Kuna kulipa taslimu mwanzoni na kuna kulipa gunia baada ya mavuno. Ukilipa 100,000 Novemba, mafuriko yakaja, umepoteza yote, mwenye shamba hakupoteza kitu. Mkikubaliana gunia mbili, mwaka mzuri mwenye shamba anapata 160,000 kwa bei ile ya ubaoni, na kijana hakuhangaika kutafuta fedha mwanzoni. Ndiyo, kijana analipa zaidi mwaka mzuri, ila mwaka mbaya mnakaa chini mnazungumza. Kila mtu achague, lakini aandike. Na gunia liandikwe kwa kilo, kilo 100, siyo lumbesa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo haya yapelekwe Mkutano Mkuu:

1. Ombi la ekari 60 lisikubaliwe kwa kuuziwa. Kama mgeni anataka kulima, aombe kukodi kwa muda uliopangwa, na wanakijiji wanaokodi sasa wafikiriwe kwanza.

2. Kila ukodishaji uandikwe karatasi tatu: ya mwenye shamba, ya mkodi, na ya ofisi. Iandikwe mipaka, kipimo cha kamba, msimu unaoanza na unaokwisha, malipo, na mashahidi wa pande zote mbili. Asiyejua kuandika afike darasa la jioni, tutaandika pamoja.

3. Mwanachama mwenye shida ya Januari afike Ushirika kabla ya kumfikia mnunuzi. Tuone atakopeshwaje, au shamba lake likodishwe msimu mmoja, apate fedha, shamba libaki.

4. Tuendelee kudai upimaji na hati za hakimiliki ya kimila, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume.

Mwenye shamba ana haki ya kuamua, hatumnyang'anyi. Tunalomwomba ni moja: achukue chaki, agawanye, kisha aamue. Ugomvi ukitokea, Baraza la Ardhi la Kijiji lipo, wajumbe 7, watatu wakiwa akina mama. Tuanze huko, tusianze na panga.

Ushirika ni nguvu.