Mchezo wa Kuigiza Darasani na Chuki za Dini
Maneno ya Kamati ya Elimu katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumetumwa kueleza kwa nini twaomba watoto wa madarasa yetu ya likizo wafundishwe kwa mchezo wa kuigiza, hasa juu ya chuki baina ya dini na dini. Wako wazee waliouliza kama huo si upuuzi. Swali hilo ni la haki.

Mtoto hazaliwi na chuki hiyo. Huiokota barazani, katika maneno mafupi tunayoyasema sisi wakubwa bila kuyapima: "Yule si mwenzetu." Mwalimu akimkanya, huitikia "Ndiyo, Mwalimu," kisha akaenda nje kuyasema yale yale. Lakini akipewa jina la mtu wa dini nyingine, akabisha hodi kutafuta chumba cha kupanga, na mwenye nyumba akamwuliza dini yake kabla ya kumwuliza kazi yake, jambo lile humfika yeye mwenyewe.

Tumechagua mfano wa hapa hapa Kenya. Tarehe 22 Novemba 2014 al-Shabaab walilishambulia basi lililotoka Mandera, wakawaua abiria 28 waliodhaniwa kuwa si Waislamu. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine, lililokuwa likienda Mandera, lilisimamishwa karibu na El Wak, na abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, akafariki mwezi wa Januari 2016.

Mabenchi yatapangwa kama viti vya basi. Majina ya abiria yatatiwa kikapuni na kila mtoto atoe moja, hata mtoto wa sheikh aweza kupata jina la Mkristo, na mtoto wa mchungaji jina la Mwislamu. Hakuna atakayeagizwa kusali sala isiyo ya dini yake. Hilo twawahakikishia wazazi. Wala hakuna mtoto atakayeshikishwa bunduki, hata ya mti. Sauti ya wauaji itakuwa ya mwalimu, nje ya mlango, kwani mtoto aliyeonja raha ya kuwatisha wenzake hajifunzi tulichokusudia.

Sehemu kubwa ya mchezo itapita kabla basi halijasimamishwa, na hapo ndipo penye kazi. Abiria wagombea dirisha. Mmoja akataa kuketi karibu na mwenziwe kwa ajili ya vazi lake. Augusto Boal wa Brazil (1931–2009) alifundisha kwamba mtazamaji aweza kuusimamisha mchezo, akaingia mahali pa mchezaji na kujaribu njia nyingine. Nasi tutafuata hivyo: mtoto atainua mkono, mchezo usimame, naye aonyeshe yeye angalimjibuje yule aliyekataa kuketi. Twatazamia kwamba jibu la kwanza litakuwa matusi. Basi, na ainue mkono mwingine.

Kisha mchezo utarudiwa dini zikigeuzwa, Wakristo ndio wawe wenye kuulizwa kama watawatoa wenzao. Hili twalishikilia sana. Tukiishia katika basi la Mandera peke yake, watoto wa Kikristo wataondoka na habari ya kuokolewa tu, na wa Kiislamu watadhani kwamba mtu wa dini yao hana budi kufa ndipo aaminiwe. Mwishoni kila mtoto atarudisha jina kikapuni na kuitwa tena kwa jina lake, ndipo wazungumze.

Twaomba wazee wawili, mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani, waje wakae nyuma ya darasa. Na twaomba jambo moja zaidi, nalo ndilo gumu. Maneno watakayoyasema watoto ndani ya basi lile yatakuwa yametoka nyumbani mwetu. Atakayeyatambua kuwa ni yake, tafadhali asimwadhibu mtoto jioni. Maombi haya yapo mbele yenu, nayo yatapigiwa kura baada ya chai.