Kipimo Kiwe Mferejini: Mkazi wa Thika na Ruiru na Mpango wa Miaka Mitano

Mazungumzo kwa wakazi wa Thika na Ruiru kuhusu mipango ya maendeleo na namna ya kuipima



Mazungumzo haya yanahusu kitabu kimoja kinene ambacho hutajwa sana katika mikutano ya wadi lakini wachache wamewahi kukifungua. Ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, ambao wengi huuita CIDP. Wa kwanza ulikuwa wa 2013 hadi 2017, wa pili wa 2018 hadi 2022, na wa tatu ni huu wa 2023 hadi 2027. Swali ni moja: mwaka 2027 ukiisha, mkazi atajuaje kama mpango ulitimizwa au ulibaki karatasini?

Kwa nini kitabu hiki kina uzito

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inasema kwamba pesa za umma hazitatengwa nje ya mipango iliyoidhinishwa na bunge la kaunti. Kwa lugha ya mtaani ni hivi: barabara ya mtaa, zahanati au soko ambalo halimo kwenye mpango halina mlango wa kuingilia kwenye bajeti. Mkutano unaweza kupiga makofi na kiongozi anaweza kuahidi, lakini siku ya kugawa pesa kinachoangaliwa ni kilichoandikwa.

Kifungu cha 108 cha sheria hiyo kinataka mpango uwe na malengo yaliyo wazi, namna ya kuyatekeleza, njia ya kufuatilia na kutathmini, na utaratibu wa kutoa ripoti. Kwa hiyo kupima ni sharti la sheria. Kaunti ambayo ina mpango lakini haina vipimo imefanya nusu ya kazi.

Mpango huu ni ngazi moja katika ngazi kadhaa. Juu kabisa kuna Ruwaza ya Kenya ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008. Ruwaza hiyo hutekelezwa kwa mipango ya kitaifa ya miaka mitano mitano. Chini yake kuna mpango wa kaunti wa miaka mitano, kisha mpango wa maendeleo wa kila mwaka, halafu bajeti. Manispaa za Thika na Ruiru nazo zina bodi zao, na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inazitaka ziwe na mipango yao inayooana na ule wa kaunti.

Inafaa pia kujua nani anapimwa kwa kipi. Barabara Kuu ya Thika ni ya serikali ya kitaifa, na shule za msingi pia. Barabara za kaunti, zahanati na hospitali za kaunti, masoko, shule za chekechea, maji na usafi wa mazingira ni kazi za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Mkazi akiuliza mlango usio wake, atazungushwa bure.

Maswali manne ya kipimo

Kipimo kizuri hujibu maswali manne. Hali ikoje leo? Inatakiwa ifike wapi? Kufikia lini? Na nani atajibu isipofika?

Chukua sentensi kama hii: "Kuboresha huduma za maji Makongeni." Hakuna anayeweza kuipinga, na hakuna anayeweza kuipima. Mtu akibadilisha koki moja, ameboresha. Sasa chukua nyingine, ya mfano tu: "Nyumba zinazopata maji siku mbili kwa wiki zipate siku tano kwa wiki kufikia tarehe 30 Juni, na kampuni ya maji itoe ripoti kila robo mwaka." Sentensi hii inaweza kumwaibisha mtu. Hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Katika majedwali ya mipango, tafuteni pale palipoandikwa hali ya sasa, lengo la kila mwaka na makadirio ya gharama. Nafasi ya hali ya sasa ikiwa tupu, hata lengo likiwa na tarakimu nzuri, hakuna atakayejua safari ilianzia wapi.

Hesabu ya Ruiru

Kuna hesabu moja ambayo kila mkazi wa Ruiru anapaswa kuijua. Sensa ya 2009 iliuhesabu mji wa Ruiru kuwa na watu 238,858. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120. Ongezeko hilo ni la zaidi ya watu 251,000 katika miaka kumi, yaani wastani wa karibu watu 69 kila siku. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2012, Barabara Kuu ya Thika ilikamilika, safari ya kwenda Nairobi ikawa nyepesi, na mashamba ya kahawa yakaendelea kugeuka ploti na majumba ya kupangisha.

Sasa tuseme, kwa mfano, hospitali ilikuwa na vitanda 100 mwaka 2009 ikaongezewa 50. Ripoti itasema vitanda vimeongezeka kwa asilimia 50, na itakuwa imesema kweli. Lakini mwanzoni kila kitanda kilikuwa cha watu 2,389, na mwishoni kila kitanda ni cha watu 3,267. Jengo limeongezeka na foleni imeongezeka. Mama aliye kwenye foleni hadanganyi anaposema hali imekuwa mbaya, na afisa aliyeandika ripoti naye hadanganyi. Kilichokosewa ni kipimo.

Mji unaokua hivi hauwezi kupimwa kwa jumla tupu. Vipimo vyake viwe vya kila mtu au kila nyumba: watu wangapi kwa kila muuguzi, watoto wangapi kwa kila darasa la chekechea, nyumba ngapi kati ya kila 100 zimeunganishwa na bomba la maji taka. Thika, ambayo ilikuwa na watu 251,407 katika sensa ya 2019, inahitaji vipimo vya aina hiyo hiyo, na tena kwa sababu Hospitali ya Thika Level 5 hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka nje ya mji wenyewe.

Bomba si maji

Kosa la pili ni kupima kazi iliyofanywa badala ya matokeo yake. Kilomita za bomba zilizolazwa ni kazi. Maji yanayotoka mfereji ukifunguliwa ndiyo matokeo. Taa zilizosimamishwa barabarani ni kazi. Mwanamke anayefunga kibanda saa tatu usiku na kutembea hadi nyumbani bila hofu ndiye matokeo. Soko lililojengwa ni kazi. Vizimba vyenye wachuuzi ndani, badala ya wachuuzi kubaki kando ya barabara, ndiyo matokeo.

Vyote viwili viandikwe. Bila kazi hakuna matokeo, na mkandarasi lazima ahesabiwe kilomita zake. Ila ripoti ikiishia kwenye kilomita, mradi unaweza kutimia kwa asilimia 100 huku mkokoteni wa mitungi ukiendelea kupita mtaani kila asubuhi. Bwawa la Karimenu II, lililoko Gatundu Kaskazini na kufunguliwa mwaka 2022, lilijengwa ili maji yafike pia Ruiru na Juja. Kipimo cha bwawa kama hilo hakiwezi kuwa urefu wa ukuta wake. Ni siku ngapi kwa wiki maji yanafika Kimbo, Gatong'ora na Mwihoko.

Funzo la nyumbani na la mbali

Ruwaza ya 2030 iliweka lengo kwamba uchumi wa Kenya ukue kwa wastani wa asilimia 10 kila mwaka. Tangu 2008 hakuna mwaka uliofikisha kiwango hicho. Wengine huona hiyo ni aibu ya mpango. Lakini sababu ya kila Mkenya kuweza kusema lengo halikufikiwa ni kwamba liliandikwa kwa tarakimu. Lingeandikwa "kukuza uchumi kwa kasi," leo watu wangekuwa wanabishana bila mwisho. Lengo lililokosekana na kuonekana hufundisha. Lililofichwa ndani ya maneno hurudiwa mpango hadi mpango.

Mbali na hapa, jimbo la Oregon nchini Marekani liliandika mpango wa miaka 20 mwaka 1989 na kuunda bodi ya kufuatilia maendeleo. Bodi hiyo ilipima mambo mengi: chanjo za watoto, masomo, ajira, mimba za utotoni. Jimbo lilisifiwa duniani. Lakini kila idara ilitaka kipimo chake kiingizwe, orodha ikapita vipimo 250, na mwaka 1997 ikabidi ipunguzwe hadi 92. Mwaka 2009, jimbo likiwa na uhaba wa pesa, bodi yenyewe ikanyimwa fedha na kazi yake ikasimama.

Funzo la kwanza ni kwamba vipimo vikizidi, hakuna anayevisoma. Ni heri vipimo kumi ambavyo kila wadi inavijua kuliko mia tatu ambavyo vimelala kabatini. La pili ni kwamba upimaji unaotegemea hamu ya viongozi hukauka hamu ikiisha. Hapa Kenya upimaji umewekwa ndani ya sheria. Lakini sheria bila watu wanaoidai ni sawa na kufuli lisilo na funguo.

Kalenda ya mkazi

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ina tarehe ambazo zingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya chama cha wakazi.

Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa bungeni. Kufikia mwisho wa Septemba hutolewa tathmini ya bajeti ya mwaka uliopita. Kufikia tarehe 28 Februari huwasilishwa taarifa ya mkakati wa fedha, ambayo huonyesha kila sekta itapata kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti huwa mbele ya bunge la kaunti. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Sheria hiyo pia inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa kipindi cha kati, iende kwenye maendeleo.

Wengi hujitokeza Mei, bajeti ikiwa karibu kupitishwa, wakati nafasi ya kubadilisha jambo ni finyu. Anayetaka barabara yake ionekane kwenye bajeti ya Aprili na aulize habari zake kabla ya Septemba.

Na mkazi akitaka kuona ripoti? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu kuandika ombi lake kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Asiyeweza kuandika, afisa wa habari anapaswa kumsaidia. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kila kaunti nazo ni hati za umma.

Daftari la mtaa

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo lisiwe la kaunti peke yake. Chama cha wakazi wa Kiandutu, Ngoingwa, Githurai au Mwiki kinaweza kuandika, kwa mwezi mmoja tu, siku ambazo maji yalikuja, siku ambazo taka zilizolewa, na saa ambazo mgonjwa alingoja kabla ya kuonwa. Ukurasa mmoja wa namna hiyo, ukiletwa kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma, una uzito kuliko hotuba kumi. Afisa wa mipango hawezi kuujibu kwa maneno matupu. Atalazimika kuleta tarakimu zake, na hapo mazungumzo ya kweli yanaanza.

Jambo hili lina haraka yake. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Baada yake utaandaliwa mpango wa 2028 hadi 2032, na ndani ya muda huo mwaka 2030 wenyewe utafika. Sensa nyingine inatarajiwa mwaka 2029, kwa hiyo waandishi wa mpango ujao wataanza na hesabu za 2019, huku Ruiru ikiwa imeongezeka kila siku tangu hapo. Hali ya leo ikiandikwa chini kuliko ilivyo, madarasa yatakuwa machache, mabomba yatakuwa membamba na dawa zitaisha mapema, kwa miaka mitano mizima. Wanaojua idadi halisi ya nyumba katika kila barabara ya mtaa ni wanaoishi humo.

Basi mkutano ujao wa wadi ukiitishwa, nendeni na maswali yale manne. Hali ikoje leo? Inatakiwa ifike wapi? Lini? Nani atajibu? Lengo likikosekana, liandikwe kuwa limekosekana, pamoja na sababu yake. Likifikiwa, mkazi alione mwenyewe mferejini, kwenye foleni ya zahanati na njiani usiku.